Tepu ya Mvua ya Mlali

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kompyuta cha kituo chetu cha utafiti, hapa Morogoro, sikuruhusiwa kugusa hata kitufe. Mhandisi Mkuu, mama mkali aliyekuwa akitafuna karanga, aliniuliza kama naijua tar. Nikajibu kuwa ni amri ya kufungasha mafaili.

"Hiyo ni kazi yake, mwanangu. Jina limetoka wapi?"

Sikujua. Akasema limetoka kwenye tepu, ule utepe wa sumaku wa kutunzia nakala; ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya kwenye tepu. Akanieleza pia kwamba amri ya cat si paka, ni neno refu la Kiingereza la kuunganisha lililokatwa kichwa na mkia. Kwake hukuruhusiwa kugusa amri kabla hujaeleza asili yake. Nikaurithi utaratibu huo, nikawafundisha hivyo wote walionifuata.

Kisha akaja Mkuu wa Kitengo mpya.

"Mzee, fundisha amri. Hadithi kawasimulie wajukuu," aliniambia mbele ya watu, akalifuta somo langu.

Opereta mmoja aliyefundishwa baada ya hapo, amri bila asili yake, akatumwa kuongeza mafaili kwenye tepu ya mvua. Humo mlikuwa na vipimo vya wakulima wa kijiji cha Mlali, waliosoma kipimamvua kila asubuhi kabla ya kwenda bustanini, miaka nenda miaka rudi. Nakala ya kwenye diski Mkuu huyo mpya alishaamuru ifutwe ili kupata nafasi. Opereta akaandika tar kwa namna ya kuunda upya badala ya kuongeza, akidhani faili jipya litakaa pembeni ya la zamani. Tepu haina pembeni. Amri ilianza mwanzo wa utepe ikafunika kila kitu, kama mtu anayerekodi juu ya kaseti ya harusi.

"Ni bahati mbaya," Mkuu alisema kikaoni.

Bahati mbaya! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ndiye aliyegoma kusikia, na guu lililovunjika si lake.

Nimestaafu sasa. Msimu uliopita Mama Veronika wa Mlali alinifuata nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Mvua siku hizi hazieleweki. Tunataka kuzilinganisha na zile alizopima marehemu mama. Si ziko kwenye kompyuta yenu?"

Nilimweleza yote. Alijifunga khanga yake vizuri.

"Na huyo mkubwa wenu," akauliza, "kwao hawalimi?"