Kimfuko kwenye Mti wa Wagonjwa

Kila Jumatatu Nuala McGrattan huzunguka njia ya msituni kando ya ghuba yetu, akiokota uchafu wa wageni wa wikendi. Kinachomtia kinyaa zaidi ni mavi ya mbwa. Watu huyazoa kwenye kimfuko, kisha hukitundika mtini na kwenda zao, kana kwamba miti ina miguu ya kukipeleka jalalani.

Juzi nilimsindikiza hadi kisimani, penye magofu ya kanisa. Hapo pana mti wa miiba ambao mtu wa huku hathubutu kuukata. Ukiwa na mgonjwa, unafunga kipande cha nguo yake tawini na kumwombea. Tulimkuta bwana mmoja akifunga kimfuko cheusi kinachonuka.

"We baba, huoni haya?" Nuala akamuuliza.

"Mbona vitu vingi vimefungwa hapa? Nilidhani ndipo mahali pake."

Nuala alishika kitambaa cha buluu kilichochakaa. "Hiki ni cha shati la marehemu mume wangu. Haya, na mgonjwa wako anaumwa nini?"

Bwana yule alikivuta kimfuko chake kwa pupa, mwiba ukakipasua, mavi yote yakamjaa mkononi.

Nuala hakumpa hata jani la kujifutia.