Kinyonga Aliyefunga Ramadhani

Watu wa kwetu Buguruni, enzi hizo za Mwingereza, wakimwona kinyonga kwanza wanatema mate, halafu wanatafuta tumbaku. Ugoro kidogo mdomoni mwake, kwisha habari yake. Ndivyo tulivyolelewa sie, na mie sikuwa na tofauti na wenzangu. Kwa hiyo usiniulize nilipandwa na wazimu gani siku ile nilipomkuta kwenye kisamvu nilichotumwa kuchuma, nikambeba na tawi lake mpaka nyumbani, tena nyumba yenye eda.

Baba alikuwa amefariki kwa homa. Alikuwa kibarua wa gatini. Alitoka alfajiri mzima, akarudishwa anatetemeka, na wiki haikwisha tukamzika. Mama akaingia eda: nguo nyeupe, kukaa ndani, mwisho wake ni uani. Hayo ya kawaida. Yasiyokuwa ya kawaida ni kwamba hakulia, hata chozi. Alikaa kitandani anatazama ukuta, na chakula anakigusa tu. Bibi, mama yake baba, alikuwa akitoka na sahani vile vile ilivyoingia, akinong'ona, "Tutazika wa pili hapa." Nilikuwa binti mdogo, bado naogeshwa, lakini maneno yale niliyaelewa vizuri sana, na yalinikata maini.

Basi nikaingia na kinyonga wangu. Bibi akaruka. "Lahaula! Kisirani hicho unakileta kwenye nyumba ya msiba? Kitoe!"

Kabla sijageuka, inzi akatua ukutani, pale pale Mama anapopatazama kutwa. Ulimi ukatoka. Sijui niuseme vipi ulimi ule. Ulikuwa mrefu kuliko mwenyewe, ukaenda na kurudi, inzi hayupo, na kinyonga anatafuna taratibu kama kizee kisicho na meno. Mama akacheka. Kicheko cha puani tu, lakini tulikisikia wote wawili. Bibi akaushusha mkono aliokuwa ameshauinua.

"Haya, akae," akasema. "Lakini asinisogelee!"

Tukamweka uani, kwenye mpera. Kila asubuhi Mama alijikokota mpaka kizingitini kumtazama, na akiwa anamtazama, Bibi anampenyezea uji kijiko kwa kijiko naye anameza bila kujua. Hapo nikaelewa kazi yangu duniani. Kinyonga akiwepo Mama anakula, kinyonga akipotea sijui. Siku kunguru walipoanza kumchokoa, nilikata tawi la mpera, nikalisimika kwenye debe la mchanga kando ya kitanda cha Mama, nikamhamishia huko. Nikambadilishia matawi yakinyauka. Na maji nikamwekea, tena maji safi ya kisimani, kwenye kibakuli kizuri cha maua.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama siku zile zile.

Kibakuli hakukigusa. Nilimsogezea mpaka puani, akageuza jicho moja kunitazama mie na jingine kutazama dari. Nikamshika nikamtumbukiza mdomo, akafumba kwa nguvu. Halafu hata inzi akaanza kuwaacha wapite. Nilimlilia Bibi, naye akasimama mlangoni, mbali kama kawaida yake, akamchunguza muda mrefu. Uso ukambadilika.

"Mnyama huyu amefunga," akasema.

Alisema bila mzaha hata kidogo. Usicheke, ungekuwepo ungeamini. Habari ikatapakaa, na wanawake wa mtaa, wale wale wa kutema mate, wakawa wanavua viatu mlangoni kuja kumshuhudia. "Subhanallah," wanasema, "na sie tuna watoto wakubwa wanakula mchana kichakani!" Magharibi ikifika, Bibi mwenyewe ndiye anayemwekea kibakuli na tende moja. Hakunywa. "Anangoja tulale," Bibi akasema, "wachamungu hawapendi kuonekana." Nami nilimwogopa kinyonga yule kama ninavyomwogopa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Nilipita mbele yake nimeinama.

Lakini macho yake yakazidi kuzama. Yale matufe mawili yaliyokuwa yamejaa yakabonyea, ngozi ikamlegea mbavuni, rangi ikawa ya majivu, hata nikimwekea jani bichi habadiliki. Na baya zaidi ni Mama. Jioni moja nilimpelekea uji wa futari, akausukuma.

"Kama yeye anaweza," akasema, "na mie naweza."

Roho ilinitoka. Mie ndiye niliyemleta yule mnyama ili Mama ale, sasa Mama anajifunza kwake kutokula.

Kesho yake Mama hakuweza kusimama. Alasiri ilikuwa inakaribia kumpita, akaniomba nimletee beseni na kata chumbani, atawadhie pale pale. Nikammiminia. Akaosha uso, akaosha mikono, na alipomaliza akaikung'uta, kama tunavyofanya wote. Matone yakaruka yakatua kwenye majani ya mpera.

Kinyonga akatikisika.

Jicho moja likazunguka, likaganda kwenye tone lililokuwa linaning'inia ncha ya jani. La pili nalo likaja. Akanyanyua mguu, akaurudisha, akaunyanyua tena, na mie nimeshika kata hewani sipumui. Alipolifikia, alilibusu. Sina neno jingine. Tone likaingia, nikaona koo linashuka. Akaenda jani la pili, na la tatu.

Yarabi! Maji ya bakuli hakuyajua! Tangu aumbwe hajawahi kuona maji yamelala. Maji kwake ni kitu kinachoning'inia, umande na mvua, na mie nilimtoa uani kwenye umande nikamwekea ziwa. Mama akachovya vidole, akamdondoshea tena, taratibu, jani kwa jani, na yeye akanywa, na akanywa, kidevu kinapanda na kushuka. Kijani kikaanza kumrudia kuanzia mgongoni. Nilimwona Mungu siku ile, wallahi, kwenye tawi la mpera ndani ya debe.

Bibi akatokea mlangoni. "Mtume! Anafungulia mchana kweupe!"

"Hakufunga, mama," Mama akasema, bila kuacha kudondosha. "Alikuwa na kiu. Siku zote hizi alikuwa na kiu, nasi tunamsifu."

Akataka kuongeza neno, midomo ikamgoma. Mabega yakaanza kumtikisika, na kilio kikatoka, kile cha tangu siku ya jeneza, kwa sauti iliyowatoa majirani vibarazani. Alimwita baba kwa jina. Alimuuliza kwa nini amemwacha. Nilitaka kumkimbilia, Bibi akanishika bega. "Mwache," akasema. "Mwache alie mwanangu."

Akalia mpaka adhana ya magharibi ikasikika. Hapo akajifuta uso kwa ncha ya nguo, akanyoosha mkono kwangu, nikampa kata imejaa. Akanywa yote bila kuiondoa mdomoni.

"Niongeze," akasema. "Na huo uji uko wapi?"