Chungwa Lililokwama Mtaroni

Saa tano asubuhi. Jua limewaka mpaka mabati ya ghala yanalia yakitanuka, na hewa juu ya uwanja wa kiwanda inatetemeka. Mama mmoja mwenye buti za mpira na kofia ngumu ya njano anainama mwanzoni mwa mtaro, analipangusa chungwa kwa kiganja, kisha analitumbukiza kwenye maji.

"Haya nenda, mgeni wetu," analiambia. "Tutakutana bwawani."

Boza la maji limefunguliwa na maji yanakimbia. Chungwa linayumba, linageuka, linaingia chini ya mifuniko ya zege na kupotea machoni. Kundi zima la mafundi wa mama huyo linaondoka mbio kuelekea bwawa lililo upande wa pili wa kiwanda, huku mwandishi wa makala haya akifuata nyuma kwa viatu vya ofisini, ulimi nje.

Kila mwaka, kabla ya mvua, hivi ndivyo mama huyu, aitwaye Mama Mtaro, anavyoipima kazi yake ya kusafisha mitaro. Chungwa linaelea, rangi yake haifichwi na tope, na likipotea hakuna atakayelilia. Mgeni akifika bwawani, machungwa yaliyobaki kwenye mfuko yanaliwa papo hapo na mitaro inahesabiwa kuwa tayari. Asipofika, hakuna anayemenya.

Leo hafiki.

"Labda kapumzika njiani, joto hili," anatania fundi mmoja. Mama Mtaro ameshageuka na mtaimbo begani.

Jina la Mama Mtaro alipewa na wenzake, na yeye analivaa kama cheo. Kiwanda anachofanyia kazi kinayeyusha vyuma chakavu na kutoa nondo. Kipo mahali ambapo miezi mingi haidondoki hata tone. Vumbi na makapi ya chuma hujikusanya kila kona, na zege hupasuka kwa joto. Halafu mvua inakuja kwa hasira.

"Mvua ya huku haijui kunyesha taratibu," anasema. "Inanuna mwaka mzima, siku ikija inamwaga yote kwa mkupuo. Nikiikuta sijajiandaa, nimekwisha."

Maji ya mapaa na ya uwanja lazima yazunguke mbali na tanuri, yaende bwawani, tope litulie chini na mafuta ya mashine yaenguliwe juu. Ndipo yaruhusiwe kutoka nje ya ukuta, ambako watu wana bustani za mboga. Mama huyu anazijua bustani hizo moja moja, na wenye nazo humsalimia kwa heshima akipita.

Lakini kinachomkosesha usingizi ni tanuri. Maji yakiingia kwenye chuma kilichoyeyuka, hulipuka. Hilo hakulisoma mahali. Liliikuta familia yake.

Mumewe alikuwa mtu wa tanuri. Siku ya mvua ya kwanza, miaka mingi iliyopita, maji yalifurika kwenye kona ya mtaro na kuingia shimo la tanuri. Mumewe alitoka hai, lakini mkono wa kulia haukurudi kama zamani, na shingo yake ina kovu mpaka sikioni. Walipofukua ile kona walikuta dumu la maji ya kunywa limejibana. Halikuwa na mwenyewe. Kila aliyeulizwa alikana.

Ndipo mama huyu, ambaye wakati huo alikuwa mfagizi wa ofisini, alipoomba beleshi. Mshahara wa mtaroni ndio uliosomesha watoto wao wote watatu. Kitindamimba, binti, alihitimu chuo cha ufundi, na ajira yake ya kwanza ikawa wapi? Kwenye tanuri lile lile.

"Mimi tanuri lilinitafuna, binti yangu kaenda kulifuga," anasema baba wa familia, akimenya viazi kwa mkono wa kushoto jikoni kwake. Anacheka, lakini macho hayacheki sana.

Kwa hiyo asubuhi hii ya chungwa, mfuniko wa kona ile ile unapoinuliwa, Mama Mtaro ndiye wa kwanza kuinama. Mgeni yupo, anaelea kwenye maji yaliyosimama. Mbele yake, limejibana ukuta kwa ukuta, kuna dumu la plastiki lililofungwa gunia bichi.

Mtu asiyejua angeliita takataka. Watu wa tanuri wanajua vizuri ni nini. Chini ya ile mifuniko ndipo mahali pekee penye ubaridi kiwanda kizima, na mtu anayeshinda mbele ya moto hutamani maji baridi kuliko mshahara. Ukilificha dumu lako mtaroni asubuhi, mchana unakunywa maji yanayoburudisha mpaka kisogoni. Kanuni ya kiwanda, hata hivyo, haina mswalie Mtume: anayeweka kitu mtaroni anafukuzwa.

"La nani?" Mama Mtaro anauliza.

Watu wa tanuri wamekusanyika, jasho linawatiririka. Kila mmoja anaangalia buti zake. Kisha sauti inatoka nyuma.

"Langu, mama."

Ni binti yake. Anasogea mbele, anavua glavu. "Nililiweka juzi nikasahau kulitoa. Nilijua ni kosa. Kiu ilinizidi akili."

"Unajua baba yako alipatwa na nini kwenye kona hii?"

"Najua. Ndiyo maana siwezi kunyamaza."

Mama Mtaro alisimulia baadaye kwamba kwa dakika ile alitaka kumnasa kibao na kumkumbatia kwa pamoja. Alichofanya ni kulibeba lile dumu na kumshika binti mkono hadi kwa meneja. Angeweza kulimaliza pale pale kifamilia, na hakuna ambaye angemshangaa. Alikataa. Alisema ukweli wote, kisha akaongeza lake.

"Nikamwambia, bosi, mwanangu amekosa, sina utetezi. Lakini jiulize kwa nini watu wanaficha maji kwenye mtaro wangu. Ukimfukuza huyu, kesho kiu itamleta mwingine, na huyo mwingine hatasema."

Meneja, mtu wa maneno machache, alitoa onyo kali la maandishi na adhabu: binti atoke tanurini, azoe tope chini ya mama yake hadi mvua zitakapokaribia. Na Mama Mtaro apewe saruji na matofali, ajenge mahali pengine pa kupozea maji ya kunywa.

"Meneja alidhani ananipa adhabu," anasema binti, akicheka. "Hajui kwamba kufanya kazi chini ya mama ni zaidi ya adhabu. Kifusi ukikiacha kidogo kama punje, anakuita kwa jina lako lote!"

Wakiwa pamoja walijenga kishimo cha kuhifadhia maji kando ya jengo la tanuri, chini ya ardhi, chenye kuta za matofali na mfuniko wa mbao, nje kabisa ya njia ya mtaro. Sasa madumu ya watu wa tanuri yamepangwa humo, na maji yake ni baridi kama ya mtaroni. Baba alikuja mwenyewe kukiona. Alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili.

Mvua ilifika alasiri moja, na ilifika kweli. Binti alikuwa ameshapangwa tena zamu ya tanuri, na sufuria la kuyeyushia lilikuwa limejaa chuma kinachochemka. Mama Mtaro alisimama bwawani katika mvua, macho kwenye mdomo wa mtaro, masikio yote tanurini. Maji yalitoka ya kahawia, yakanguruma, yakazidi. Tanuri nalo likaendelea kuunguruma kama kawaida.

Kisha, katikati ya tope, likatoka chungwa.

Hakuna mtu wa kundi lake aliyelituma. Mama Mtaro aliingia maji ya magoti, akalidaka, akalipangusa kwa kiganja. Hapo ndipo alipolia, na wala hakujificha.

Mwakani anastaafu. Anataka kabla ya kuondoka kila jengo liwe na kishimo cha maji kama kile, na meneja amekubali. Kuhusu mtaro, anasema hana wasiwasi tena. "Nina mtu wangu kule tanurini. Akikosea, atasema."

Siku ile ya mvua, zamu ilipoisha, mtu huyo alikuja mbio bwawani, uso umejaa masizi, dumu mkono mmoja na mfuko wa machungwa mkono wa pili.

"Mama, mgeni kafika?"

"Kafika. Lete hayo mengine tule."