Mzigo wa Kwenda Nangwa

Samli ikianza kuyeyuka kwenye sufuria, kabla haijaungua, hutoa harufu ambayo siwezi kukaa nayo muda mrefu. Juzi binti yangu aliniletea chupa nzima ya samli, akaniomba niichemshe upya na kuichuja, maana anahamia Songea kikazi na watoto wake wawili wadogo, na amesikia inafaa kwa vifua vya watoto. Alikwisha kununua nepi za dukani, beseni la kuogea linalokunjwa, na vitu vingine ambavyo hata sikujua vinafunguliwa wapi. Akaniuliza, "Mama, wewe ungebeba nini?" Nikaitazama samli ikitoa povu, nikashindwa kumjibu. Ninyi nitawajibu, kwa kuwa hamtaniona nikilia.

Kwetu ni Endagikot, jirani na mji wa Mbulu, kwenye vilima ambako asubuhi ukungu huingia hadi zizini. Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru: duka la ushirika lilikuwa limebaki na chumvi na panya, lakini mnadani nguo za mitumba zilimwagwa chini marundo marundo, na malori ya watu binafsi yalifuata maharage hadi mlangoni. Mkoa wa Manyara haukuwepo bado. Tulihesabiwa watu wa Arusha, ingawa Arusha yenyewe hatukuwahi kuiona. Shamba la babu lilikuwa limegawanywa kwa wanawe wote, na kipande cha baba kilikuwa chembamba kiasi kwamba ng'ombe wa jembe walikanyaga kwa jirani kila walipogeuka. Baba akateremka Hanang kutafuta mashamba ya kukodi, akaahidi kutuita. Alipoondoka mama alikuwa mjamzito. Paskalina alizaliwa majira ya Pasaka, baba akiwa Nangwa, huko Hanang, na habari hizo zilimfikia kupitia dereva wa lori la maharage.

Homa ya mapafu ilimchukua Paskalina kabla hajaota jino. Nilikuwa nikimbeba mgongoni kila jioni wakati mama akikamua, na kwa siku nyingi baada ya kumzika mgongo wangu ulisikia baridi mahali pake.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hutengwa. Si kwa chuki. Majirani hawaingii kwenu, ninyi hamwingii kwao, hamnywi kikombe kimoja na mtu wala kula sahani moja, na ng'ombe wenu hawaendi mtoni pamoja na wa wengine, mpaka wazee waseme muda umekwisha. Tunaita metimani. Iliaminika kwamba kifo cha namna hiyo hufuata vyombo, na mwenye kushiriki vyombo vyenu anaweza kukipeleka kwa watoto wake. Hata sisi tuliokuwa watu wa kanisani tuliishika desturi hiyo, na kanisani kwenyewe hatukwenda kipindi chote hicho. Wanafunzi wenzangu walinipungia mikono kutoka barabarani, nami niliwapungia kutoka kwenye ua.

Ndipo yule dereva akaleta ujumbe wa baba: nyumba imeezekwa, mvua iko karibu, mama aje na watoto wote. Baba hakujua. Mama alimsikiliza akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, akasema, "Mwambie tunakuja."

Bibi, mama yake baba, alitaka dereva apewe pia habari ya msiba, ili mwanawe asije akapokea wageni akicheka. Mama alikataa. Hakuwa mtu wa kubishana na mkwewe, kwa hiyo nilishtuka kumsikia.

"Mama, habari ya mtoto wangu haipelekwi na mtu wa maharage. Baba yake atapewa na mimi."

Bibi alikwenda kwa wazee, akasimama nje ya ua wao kama ilivyopasa, akarudi na ruhusa. Tungeweza kwenda, ila mama abebe vyombo vyetu vyote vya kulia na kunywea, na asiguse cha mtu mwingine njia nzima wala huko aendako.

Sasa nije kwenye mzigo wenyewe, maana mama alijua kufunga mzigo wa watoto kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Samli aliiweka kwenye kichupa kilichofungwa kwa kitambaa, ya kutupaka vifuani alfajiri na kulainisha midomo iliyopasuka kwa upepo. Unga wa mtama ulikaangwa kwanza ili usiharibike njiani, uwe wa kukorogwa kwa maji ya moto popote yatakapopatikana. Alichemsha mahindi na maharage akayakausha juani, tuyatafune bila kuwasha moto. Kibiriti alikifunga ndani ya nailoni, mifuko ile iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia na tukiifua na kuianika kama nguo. Kulikuwa na kipande cha ndimu kwa ajili ya Sulle, mdogo wangu wa kiume, ambaye alitapika kila alipoona gurudumu, na kamba ndefu ambayo nilidhani ni ya mizigo, kumbe nayo ilikuwa ya Sulle. Mimi nilipewa koti la mitumba lenye zipu iliyokufa, refu hadi magotini. Mama alisema mikono mirefu namna ile ni mizuri, inafuta kamasi bila kutafuta kitambaa.

Alipofika kwenye nepi za Paskalina, zile za khanga kuukuu iliyochanwa, mikono yake ilizikunja na kuziweka ndani kwa mazoea tu. Kisha ikasimama. Bibi akaingiza mkono taratibu, akazitoa. Mama akazirudisha.

"Zitafaa," alisema. "Huyu anatapika."

Na zilifaa kweli. Kutoka Mbulu hadi tukapita Dongobesh tulikuwa tumezitumia karibu zote. Tulikaa juu ya magunia, Sulle amefungwa kiunoni kwa ile kamba na ncha yake imefungwa kiunoni kwa mama, naye alifurahi, akabweka kama mbwa wa mlinzi kila lori lilipoyumba. Mfuko wa vyombo niliushika mimi mapajani. Vilikuwa vikombe vya bati na mabakuli, na kila shimo la barabara lilivigonganisha kwa kelele zisizo na adabu. Mama mmoja aliyekaa nasi alimwonea huruma Sulle, akampa chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Mama yangu aliuzuia mkono wa yule mama kabla haujafika, akanong'ona jambo, akaninyooshea mkono nimpe kikombe chetu. Yule mama akamimina kutoka juu, chombo kisiguse chombo, kisha akatazama pembeni na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge. Tulishuka Dareda, ambako tulilala kwenye kibaraza cha ghala na asubuhi tukapata gari jingine la kuelekea Katesh.

Kabla hatujafika Nangwa mama alinipaka samli usoni, akanitengeneza kola, akaniambia, "Ukimwona baba msalimie vizuri. Hayo mengine ni yangu. Barabarani msiba hausemwi."

Baba alikuwa amesimama kando ya barabara na punda wa kukodi, pamoja na Mzee Margwe, mwenyeji aliyempa sehemu ya kujenga. Nyuma yao mlima Hanang ulikuwa umefunikwa mawingu mabegani. Nilisema shikamoo kwa wote wawili, mkono wangu ukiwa umepotelea ndani ya koti, na baba akacheka hadi nikaona pengo lake. Alimtazama mama, akamtazama Sulle mgongoni kwake, akafunua shuka kidogo, akaona ni Sulle tu.

"Mdogo yuko wapi?"

"Twende nyumbani kwanza, Baba Tere. Watoto wana njaa."

"Mmemwachia bibi," baba akajijibu mwenyewe. "Sawa. Upepo wa kwenye lori ungemuumiza. Nitamfuata tukishapanda."

Njia nzima alizungumza. Alituonyesha shamba, mahali pa mahindi na mahali pa mbaazi, na mti ambao Sulle angeweza kuupanda. Alitoa mfukoni sweta ndogo ya rangi ya njano aliyoinunua mnadani Katesh, akampa mama aishike, akamweleza jinsi alivyopigania bei na mwanamke mmoja aliyetaka sweta hiyo hiyo. Mama aliishika, akasema ni nzuri. Nilikuwa nyuma yao na mfuko wangu, nikitembea kama mtu aliyebeba mayai, kwa kuwa niliogopa vyombo vikilia baba atauliza mfuko una nini.

Nyumbani kwa Mzee Margwe tuliandaliwa mikeka nje ya mlango. Mkewe alitoka na kibuyu cha maziwa ya mgando na vikombe vyake, akamimina cha baba kwanza, kwa furaha ya kumwona mgeni wake amepata familia. Baba akakipokea. Yule mama akamgeukia mama yangu, akamnyooshea kingine.

Mama hakukipokea. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tere, leta vyetu."

Nilifungua mfuko. Nilipanga vikombe vyetu chini, cha mama, cha Sulle na changu.

Mke wa Mzee Margwe alikuwa Mwiraqw kama sisi. Aliviangalia vile vikombe, akarudi hatua moja, kisha akakiinua kibuyu juu na kutumiminia kwa mbali huku machozi yakimtiririka. Baba alikuwa na kikombe mdomoni, hajanywa. Alikishusha polepole sana hadi kikakaa chini upande wa wenyeji, na maziwa hayakumwagika. Kisha aliinuka, akaja akakaa kwenye mkeka wetu. Mama akamsogezea kikombe chake mwenyewe, naye baba akakinywea.

Nilikuwa mama wa watoto watatu ndipo nilipouelewa mfuko ule. Nangwa hakuna aliyetujua. Mama angeweza kunywa kwa wenyeji, tukalima na majirani, tukachunga nao, na baba, mgeni aliyehitaji kila mkono wa kumsaidia, asitengwe msimu mzima wa kilimo. Tulitengwa kweli, na mwaka ule tulilima peke yetu, tukavuna kidogo, tukalala njaa. Lakini angekunywa kikombe kile, angekuwa amekubali mbele ya watu kwamba Paskalina hakuzaliwa. Mama hakuweza kumsaliti mwanawe kwa kikombe cha maziwa.

Wenyeji walipojitenga kwa heshima na jua likawa linashuka, baba alikaa muda mrefu akichora ardhini kwa kijiti. Hakuuliza alikufaje. Aliuliza kitu kingine.

"Alifanana na nani?"

Mama alimtazama. "Na wewe," alisema. "Kila kitu. Hadi masikio."

Baba alijishika sikio lake, akaanza kulia kama mtoto. Mimi niliyembeba Paskalina kila jioni nilijua hakufanana na baba hata kidogo. Alikuwa mama mtupu, uso na vidole. Nilifungua mdomo kusema, mama akaniwekea mkono gotini, nikaufunga.