Kilo Nne za Mwisho za Mpishi wa Ngamiani

Saa kumi na mbili asubuhi, uani mwa nyumba moja ya Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani mjini Tanga, sufuria tatu kubwa zimekwisha kuinjikwa na moshi umetanda mpaka kwa jirani. Thuwaiba Mjaka anainama juu ya sufuria ya katikati, anachota mchuzi kwa mwiko, anautonesha kwenye kiganja cha mkono wa kushoto na kuuramba. Anafumba macho kidogo.

Kisha anafanya jambo linalowafanya wanawake wanaomenya vitunguu wasimamishe visu. Anachukua kopo la maji, anasukutua, anatema pembeni ya ukuta.

"Chumvi bado," anasema.

"Bi Thuwaiba, sasa huo mchuzi mbona unautema?" mmoja wao anamuuliza.

"Sitemi mchuzi, mwanangu. Natema kilo."

Uani wote unacheka, na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote. Ni asubuhi ya harusi, mwanzoni mwa mwaka huu wa 1993, na mpishi huyu ana sababu ya kuwa na furaha. Lakini mwaka uliopita, kwa miezi kadhaa, hapakuwa na kicheko. Mji mzima ulikuwa ukimtazama akikonda, na kila mtu alikuwa na maelezo yake.

Thuwaiba ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa Tanga na ndoa. Mumewe, Ahmada Haroub, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani mpaka mwaka 1991, alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Tangu hapo nyumba yao na watoto watatu, mkubwa wao Tuhfa, wanategemea mwiko wa mama. Mwezi ukiwa mzuri anapata shughuli nne: harusi, maulidi, arobaini ya mtoto mchanga, hitima ya marehemu. Mwezi ukiwa mbaya hapati hata moja.

Hakuwa mnene tangu zamani. Anapoulizwa habari za ujana wake anakwenda chumbani na kurudi na picha aliyopigwa mwaka 1983. Mifupa ya shingo imemtoka, na gauni linamwelea.

"Mwaka ule nani alikuwa mnene?" anasema. "Sukari tunapanga foleni kwa balozi wa nyumba kumi. Sabuni foleni. Nguo foleni. Nilipika harusi moja Makorora, wali ukatoka kidogo tukajazia muhogo. Bwana harusi kaletewa chai haina sukari, na watu wakapiga vigelegele kwa kuwa angalau majani ya chai yalikuwa ya kweli."

Miaka michache baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka ya Ngamiani yaliyokuwa yakiuza viberiti na hewa yakajaa madebe ya mafuta ya kula, magunia ya sukari, unga wa ngano mweupe pe. Shughuli zilizokuwa zimeahirishwa zikafanyika zote kwa mkupuo, na Thuwaiba akapika bila kupumzika. Akaonja, na akishaonja akala.

"Nilikuwa kama mtu aliyetoka kifungoni," anasema. "Na hakuna aliyenikataza. Watu walinisifu. Walisema mpishi mnene ndiye mpishi, chakula chake kinamkaa mwenyewe."

Siku moja mwaka 1990, akiipua sufuria ya pilau, alihisi kitu kimeachia kwenye kitovu. Jioni aliona uvimbe mdogo kama ndimu. Akalala, ukarudi ndani. Akasimama, ukatoka. Alikaa nao mwaka mzima bila kumwambia mtu, akiufunga kwa kipande cha kanga kila anapokwenda kazini, mpaka ulipofika ukubwa wa chungwa la Muheza na kuanza kumuuma.

Daktari Fanueli, mpasuaji wa hospitali ya serikali mjini Tanga, anakumbuka siku alipomwona kwanza.

"Ilikuwa ngiri ya kitovu, kubwa," anasema daktari huyo. "Nilimweleza kwamba utumbo unaweza kunasa pale siku yoyote, na ukinasa ni hatari ya maisha. Lakini alikuwa na kilo mia na nne. Nikimshona na tumbo lile, akikohoa tu nyuzi zinafumuka. Nikamwambia, mama, nenda, ufike themanini, kisha urudi."

Thuwaiba anasema alitoka pale akiwa hana hofu kubwa kama alivyotarajia. Alikuwa na udadisi.

"Nilitaka kujua kama inawezekana. Maana nilikuwa nimekwisha kukonda mara moja maishani, kwa njaa. Sikujua mtu anakondaje huku chakula kipo mbele yake."

Mtu wa kwanza kumweleza alikuwa Nargis, mke wa Noorali, mwenye duka la nafaka la jumla linalotazamana na nyumba yao. Mama Alisha, kama anavyoitwa mtaani, alikuwa naye ameambiwa na daktari atembee kwa ajili ya presha, na alikuwa hataki kutembea peke yake. Wakapatana. Kila siku baada ya sala ya alfajiri wakatoka pamoja, mmoja na buibui lake, mwingine na rida yake ya Kihindi, wakaenda Raskazone, ufukweni, na kurudi kabla jua halijawa kali.

Kila Ijumaa, kabla duka halijafunguliwa, Thuwaiba alipanda kwenye mzani wa magunia wa Noorali. Mwenye duka alitolewa nje akakaa barazani na gazeti lake, ameupa mlango mgongo, na Nargis ndiye aliyesogeza mawe ya mzani.

Alipunguza mambo machache tu. Sukari kwenye chai aliiacha kabisa. Vitumbua vya asubuhi akavibadilisha na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Usiku samaki wa kuchoma na mchicha. Kazini akaonja kwa kiganja, hakukaa tena kwenye sinia na wapishi wenzake baada ya kupakua.

Kilo zikatoka. Mia moja, tisini na tano, tisini. Mwezi wa saba mwaka jana alifika themanini na nne.

Hapo zikagoma.

"Zile za mwanzo zilikuwa wapangaji," anasema, akijipiga ubavuni. "Ukiwaambia wahame, wanahama. Hizi nne zilikuwa zimejenga."

Ijumaa baada ya Ijumaa mawe ya mzani yalikaa palepale. Nargis alidhani mzani umeharibika, akampandisha Noorali mwenyewe kuhakikisha. Mzani ulikuwa mzima. Wakarefusha matembezi. Thuwaiba akaacha na muhogo. Ijumaa moja ukaonyesha amepanda mpaka themanini na tano, akashuka, akaenda nyumbani na kulala mchana kutwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Thuwaiba hakumwambia Nargis.

Mwezi ule wa saba alikuwa ametembelewa na Bi Mwanasiti wa Chumbageni, mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa anamwoza mtoto wa dada yake. Thuwaiba alikuwa amekwisha kuahidiwa kazi ile. Bi Mwanasiti alikunywa kahawa, akauliza hali za watoto, akazunguka sana kabla ya kufika.

"Mama Tuhfa, tumeona safari hii upumzike," alisema.

"Nipumzike kwani nimechoka?"

"La, si kuchoka. Ila watu wanasema umepungua sana, shoga yangu. Na wageni wanatoka mbali, kila mtu na mawazo yake. Wewe tazama afya yako kwanza."

Hakuutaja ugonjwa kwa jina, lakini Thuwaiba alielewa. Ni miaka ambayo mtu akikonda Tanga, hata kwa malaria, jirani anahesabu wamezikwa wangapi kwa Ukimwi mtaani na kujiuliza kama huyu ndiye anayefuata. Mpishi naye anatia mikono yake kwenye chakula cha watu. Madaktari wamesema mara nyingi kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa chakula, lakini hofu haisikilizi redio.

Mwezi ule alipata shughuli moja tu. Ahmada alikwenda Muheza kutafuta kibarua cha kupakia machungwa, mtu aliyekuwa fundi wa mitambo. Alirudi jioni na bega limechubuka.

"Nilimwambia, mke wangu, rudi ulivyokuwa," Ahmada anasimulia. "Nilikosea, najua. Lakini watoto walikuwa wanakula mlo mmoja."

Hakurudi alivyokuwa, ila alitafuta njia ya kati. Kila alipopata kazi, alingoja mpaka wageni wakusanyike, akajipakulia sahani iliyojaa wali na nyama ya mafuta, akaenda kukaa mahali atakapoonekana na kila mtu. Akaila yote, polepole. Mgonjwa hali hivyo, aliwaza. Acha waone.

Asubuhi alitembea na Nargis mpaka Raskazone, mchana akala sahani ya ushahidi.

Nargis ndiye aliyeligundua jambo hilo, mwezi wa kumi, alipoalikwa maulidi ambayo Thuwaiba alipika. Alimkuta katikati ya uwanja na sahani yake.

"Nilikasirika, kweli," Nargis anasema. "Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, Mama Tuhfa, mimi naamka alfajiri na miguu inaniuma, kumbe wewe unanichezea?"

"Aliponiambia hivyo nililia," anasema Thuwaiba. "Nikamweleza yote. Halafu akaniuliza swali moja: sasa wewe unakonda kwa ajili ya nani, na unanenepa kwa ajili ya nani?"

Swali hilo, anasema, alikwenda nalo nyumbani na hakuweza kuliweka chini. Daktari alitaka akonde. Mji ulitaka anenepe. Na yeye katikati, na chungwa lake la Muheza kitovuni, ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale waliokuwa wakimsema aliyewahi kuliona. Ngiri ni aibu. Hata dada zake wa Wete hakuwa amewaandikia.

Wiki mbili baadaye alipika arobaini ya mtoto mtaa wa Makorora. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani na uani. Alipokuwa anapakua alisikia mmoja akimnong'oneza mwenziwe asile. Sauti haikuwa ya chini sana. Bi Mwanasiti alikuwepo, akatazama pembeni.

Thuwaiba aliweka upawa chini.

"Jamani, njooni ndani kidogo," alisema. "Wanawake wote. Funga mlango huo."

Waliingia kwa mshangao, wengine bado na vijiko mikononi. Chumba kikajaa. Thuwaiba akasimama katikati, akafungua kanga ya kiunoni, akapandisha blauzi, akafungua na kile kitambaa alichokuwa akijifunga.

"Haya, tazameni. Hiki ndicho kinachonikondesha. Daktari kakataa kukipasua mpaka nifike kilo themanini. Nimebakiza nne, na hizo nne mnanizuia nyinyi. Mwenye kutaka kugusa aguse."

Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akasogea, akatia miwani, akainama na kubonyeza kwa kidole kimoja. Uvimbe ukaingia ndani.

"Kumbe hurudi!" alisema bibi yule. "Wee, hebu kohoa."

Thuwaiba akakohoa, ukatoka. Bibi akashtuka akarudi nyuma, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Baada ya hapo kila mmoja alitaka kuona, na maswali yakamiminika. Unauma? Mumeo anajua? Na huko kutembea, mnatembea saa ngapi? Na chai bila sukari inapita kooni? Mwanamke mmoja wa pembeni akaanza kulia kimya kimya, akasema yeye ana uvimbe kama ule kwenye kinena, na huu ni mwaka wa tatu hajamwambia mtu.

Bi Mwanasiti alikuwa wa mwisho kutoka chumbani.

"Sikumwomba radhi pale pale," anakiri mama huyo. "Nilikwenda kupakua naye. Nikala mbele ya watu wote. Nyumbani kwake nilikwenda siku ya pili, na hapo ndipo tulipozungumza."

Tangu siku ile Thuwaiba hakujipakulia tena sahani ya kuonwa. Kilo hazikutoka kwa haraka. Moja iliondoka mwezi wa kumi na moja. Nyingine ikaondoka na kurudi. Kuna asubuhi, anasema, alitaka kubaki kitandani, na kilichomtoa ni kikohozi cha Nargis barazani, maana Mama Alisha habishi hodi, anakohoa tu na kungoja. Siku hizi hawatoki wawili tu. Yule wa kinena amekwisha kuonana na daktari na anaungana nao, pamoja na wengine wawili wa Makorora.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu mawe ya mzani yalisimama kwenye themanini na nusu. Nargis alitaka wangoje wiki moja zaidi. Thuwaiba alikataa, akaondoka moja kwa moja kwenda hospitali akiwa bado na viatu vya kutembelea.

"Shikamoo mama," Daktari Fanueli alimwambia, akatazama cheti cha muuguzi, kisha akamtazama mwenye cheti. "Hii nusu nakusamehe."

Tarehe imepangwa. Baada ya kupasuliwa hataruhusiwa kunyanyua kitu kizito kwa miezi miwili, na Ahmada ameshaanza kujifunza kuipua sufuria. Mpango wao ni kufungua hoteli ndogo karibu na stendi ya Muheza, mume jikoni kwenye kazi za nguvu, mke kwenye chumvi. Binti yao Tuhfa ameposwa, na mama anataka kuipika harusi hiyo mwenyewe.

Alipoulizwa kama anaogopa kisu, Thuwaiba alifikiri kidogo. Ameambiwa kwamba atachomwa sindano ya ganzi mgongoni na atakuwa macho, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi, ila si kwa sababu ya woga.

"Nimemwomba daktari asiniwekee pazia usoni," anasema. "Amenambia, mama, kuna nini cha kuona, ni utumbo na mafuta tu. Nikamwambia, hayo hayo mafuta, mwanangu. Nimepigana nayo mwaka mzima gizani. Nataka tuonane."