Shemeji Anataka Nirudi Kuwavalisha Marehemu Suti Yake

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, naishi Munuki hapa Juba. Sekondari nilimalizia Kenya, tulikokimbilia wakati wa vita. Kila jioni huandika shajara, kwa hiyo haya sisimulii kwa kukisia.

Nafanya kazi kwenye studio ya shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, pale soko la Custom. Mtu akifiwa anatuletea picha ya marehemu, tunamtengenezea bango la msiba. Shemeji ana Photoshop ya wizi aliyopewa kwenye flashi, na ndani yake ameweka suti moja ya bluu na gauni moja jeupe. Mwanamume akifa, tunabandika kichwa chake juu ya suti. Mwanamke, juu ya gauni. Ukipita misibani utadhani marehemu wote wa Juba walishonewa na fundi mmoja.

Mwezi uliopita Photoshop hiyo iligoma kufunguka. Shemeji alikuwa safarini, na binti mmoja amesimama mlangoni akisubiri bango la mama yake. Nikafungua laptop yangu yenye GIMP, programu ya bure niliyojifunza mwenyewe nyumbani. Picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya harusi, mama kabanwa katikati ya watu. Nikamkata taratibu, nikamtoa kivuli usoni, nikamwacha na lawa yake ya maua, kile kitambaa ambacho wanawake wa huku hukifunga begani. Bango lilipotoka, binti aligusa fundo la begani. "Hivi hivi ndivyo alivyokuwa anaifunga," akasema, machozi yakamtoka.

Tangu hapo wateja wanauliza, "Yuko wapi yule dada anayewaacha watu na nguo zao?"

Shemeji aliporudi na kulisikia hilo, aliwaka mbele yao kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe iko na kichwa ngumu! Marehemu ya watu wewe nafanyia na kitu ya bure?"

"Na yako, shemeji, uliinunua duka gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Khalas, basi. Wewe nafuta hiyo kitu, narudisha suti, ama wewe natoka hapa."

Mume wangu ananisihi, "Mwambie malesh, umwombe radhi, yaishe. Ni kaka yangu. Ukienda kufanya kwa watu wengine, nitakula naye sahani moja vipi?"

Malesh ya nini? Sikuiba, sikumharibia mtu maiti wake. GIMP sifuti. Mama mmoja Msomali mwenye duka mtaa wa Hai Mauna amenipa nafasi ya meza barazani kwake, na Jumatatu naanza. Jana nilimaliza kibao changu: "Mabango ya msiba. Marehemu habadilishwi nguo." Mume wangu alikisoma, akachukua shuka, akaenda kulala kwa kaka yake.

Nampenda mume wangu. Kwa hiyo msiniandikie kwamba niombe msamaha, hilo nimeshalikataa. Wenye ndoa, nishaurini hili tu: nifanye nini yeye arudi nyumbani, bila mimi kurudi kwenye ile suti?