Kiganja cha Dobi na Nyoka wa Bintiye

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ugonjwa wa kujua. Jambo lolote likitajwa dukani kwake alikuwa na la kusema juu yake, na akishasema, mjadala umefungwa. Lakini kilichomvimbisha kichwa zaidi ni kiganja chake cha kulia. Mteja akileta shati la hariri, dobi hakuangalia alama za pasi. Aliigeuza pasi juu, akakipitisha kiganja karibu kabisa na chuma, akafumba macho kama mtu anayesikiliza siri, kisha akatangaza, "Sasa imefika." Pasi zake zote alikuwa amezitoa kile kidude kinachozizima zikizidi moto. Pasi inayojizima, alisema, ni ya watu wasiojua kazi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa nyoka.

Nyoka mwenyewe alikuwa wa binti yake wa pekee, fundi wa simu, aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Alikuwa chatu mdogo, mpole, aliyeitwa Mkanda. Alikaa chumbani kwa binti ndani ya kasha la kioo, upande mmoja una joto na mwingine hauna, ili achague mwenyewe pa kulala. Chini ya upande wa joto ulitandikwa mkeka wa umeme, nao haukuchomekwa ukutani moja kwa moja. Ulipitia kwenye kifaa kidogo kilichouzima joto likifika kiwango chake na kuuwasha likishuka. Binti alipoitwa mafunzoni mji wa mbali, alimweleza baba yake yote hayo, akarudia, kisha akamalizia kwa kubembeleza.

"Baba, tafadhali usikiguse hiki kifaa. Nyoka hakimbii moto wa chini kama sisi. Anaweza kuulalia huku ametulia tuli, tumbo linaungua."

"Mwanangu, unanifundisha moto mimi?" Dobi akainua kiganja. "Ulipokuwa mchanga, maji yako ya kuoga nilikuwa nayapima mimi, kwa mkono huu huu. Uliungua hata siku moja?"

Mama wa binti, aliyekuwa akikunja mashuka nje ya mlango, alikohoa kidogo, akaendelea kukunja.

"Sina mwenzangu mwingine katika chumba hiki," binti alisema, akimtazama nyoka. "Nakuamini, Baba."

Neno hilo lilimwingia dobi mpaka moyoni. Alimpenda bintiye kupita kiasi, hilo halina ubishi. Tatizo lake ni kwamba alijipenda mwenyewe kidogo zaidi.

Baridi ikaingia. Dobi akaenda kumjulia hali mgeni wake, akasikia kifaa kinasema tik, na kitaa chake kikazimika. Akangoja. Tik, kikawaka. Tik, kikazimika tena. Akaudhika kama aliyetukaniwa ukoo. "Kibovu," akasema, akakichomoa na kukitupa kabatini, akachomeka mkeka ukutani moja kwa moja, kama alivyozifanya pasi zake. Halafu, kwa kuwa ufundi ukizidi haujui pa kuishia, akalizungushia kasha blanketi kuukuu la meza ya kupigia pasi, joto lisitoroke. Akaingiza kiganja ndani, akafumba macho. "Vuguvugu," akasema, akaenda zake dukani kujisifu.

Wateja waliokuja kuchukua suruali walirudi na suruali pamoja na hotuba. Siku hizi, aliwaambia, watoto hawawezi kupika chai bila mashine ya kuwaambia maji yamechemka. Nyoka kwa mkono wake anastarehe mpaka basi. Na kweli Mkanda alikuwa akilala pale pale kwenye joto, hasogei. Dobi aliona huko ni kuridhika. Mkewe, ambaye kwa hofu ya nyoka hakuwahi kukanyaga chumba kile, hakuwa na la kumbishia.

Asubuhi ya siku aliyotarajiwa binti, mama huyo alijikaza akaingia kufungua dirisha. Mkono wake ukagusa kioo cha kasha, upande wa chini.

"Uwii! Baba wee, njoo! Pana moto hapa!"

Dobi akaja taratibu, akabandika kiganja pale pale. "Vuguvugu. Wewe una mikono laini tu."

Bado alikuwa amekibandika hapo binti alipoingia na begi begani. Hakusalimu. Aliuchomoa waya, akamnyanyua Mkanda na kumgeuza. Tumbo lilikuwa limebadilika rangi, magamba yamekakamaa, na katikati malengelenge yamejaa maji. Dobi akakiondoa kiganja chake kiooni.

Alasiri walirudi kutoka kwa daktari wa mifugo. Mkanda angepona, alisema binti, ila kwa dawa kila siku na kulala kwenye karatasi safi, na kovu lingebaki. Alikitoa kifaa kabatini, akakipangusa vumbi, akakirudisha mahali pake. Hakugomba, na hilo ndilo lililomchoma baba yake. Angegombezwa, angejitetea.

"Nikisafiri tena," binti akasema, "nitamwachia Mama."

"Mama yako anaogopa nyoka!"

"Ndiyo, Baba. Lakini anahisi moto."

Dobi akamgeukia mkewe, aliyekuwa mlangoni na mashuka yake, anatafuta wa kumtetea. "Si umwambie na wewe! Maji yake ya kuoga, miaka yote ile, yalikuwa yanapimwa na nani?"

Mkewe alilikunja shuka la mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Ulikuwa unapima wewe," akasema. "Halafu ukitoka kwenda sebuleni kujisifu, mimi namimina ya baridi."

Dobi alikitazama kiganja chake, kigumu, kinang'aa kama soli iliyosuguliwa. Binti naye alikuwa akikitazama.

"Kila siku?" dobi akamuuliza mkewe, sauti imemshuka.

"Kila siku, mume wangu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, siku ya kwanza kabisa. Ukasema nina mikono laini."